Barua kwa mwanangu: hiyo timu ndogo itakuwepo?

Marahaba mwanangu. Voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa jikoni mama yako anaosha masufuria sikusikia kitu, ya pili nikatoka nikakaa kwenye gari. Kama nimekuelewa unauliza hivi: mjukuu wangu kaitwa na kocha wa hoki ya barafu wa chuo kidogo kilichoko ligi ya CCHA, moja ya ligi za vyuo vya Marekani, na wewe umesoma kwamba chuo cha St. Thomas wanaihama hiyo ligi kuanzia msimu wa 2026-27, sasa unaogopa mtoto aende akacheze mwaka mmoja miwili halafu timu imfie mikononi kama ilivyokufa ya chuo cha kwetu hapa Huntsville, Alabama, au bora asubiri chuo kikubwa kimuone. Ukamalizia "baba wewe ndo ulikuwa unawabeba wale vijana, wewe unajua". Kweli nilikuwa nawabeba, dereva wa basi la timu, na lile jambo mpaka leo linaniuma, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu.

Kwanza nikutoe kitu kimoja kichwani. Watu wanadhani timu ya Huntsville ilikufa kwa sababu ilikuwa mbovu. Mwishoni ilikuwa inafungwa sana kweli, lakini timu hainaga shida kufungwa, wangapi wanafungwa kila wiki na bado wapo. Ile timu ilikufa kwa kukosa wa kucheza nao. Hawa walibeba ubingwa wa taifa wa daraja la pili 1996 na 1998, wakapanda daraja la kwanza, na 2007 wakafika mashindano ya taifa wakawabana Notre Dame mpaka dakika za nyongeza za mara ya pili ndo wakafungwa 3-2. Chuo cha Alabama, mji wa joto, watu wa kutengeneza maroketi, wanaenda sare na Notre Dame mpaka usiku! Hiyo sio timu ya kufa.

Sasa elewa hizi ligi, wao wanaita konferensi, zilivyo. Mama yako amecheza upatu miaka yote tangu Tanga, wewe ulikuwa unatumwa kupeleka hela. Upatu hauna ofisi wala mlango, upo kwa sababu watu fulani wamekubaliana kuwa pamoja, na siku wenye hela nzuri wakijitoa wakaanzisha wa kwao, waliobaki hawajakosa chochote lakini upatu haupo tena. Ligi ya hoki ni hivyo hivyo. Na kuna namba ya kukumbuka, sita. Ligi ikiwa na timu sita bingwa wake anaingia mashindano ya taifa moja kwa moja, ikipungua hapo ile tiketi inapotea.

Ligi yetu ya zamani iliitwa CHA, ikabaki na timu nne, ikavunjika 2010. Bemidji State akaenda ligi ya WCHA, Niagara na Robert Morris wakaenda ligi ya Atlantic Hockey, Huntsville tuliomba CCHA ya wakati ule wakatukatalia. Basi tukabaki peke yetu, timu isiyo na ligi, misimu mitatu.

Huo ndo wakati niliowabeba sana, na ndo niliojifunza. Kila mwaka timu inatoa ratiba ya sumaku ya kubandika kwenye friji, na sie tulikuwa na ya kwetu pale jikoni unaikumbuka. Timu yenye ligi ratiba yake inajipanga yenyewe, Januari na Februari imejaa maana wanachezana wenyewe kwa wenyewe. Timu isiyo na ligi, Oktoba inapata mechi, Novemba inapata, ikifika Januari hakuna mwenye nafasi, wote wako kwenye ligi zao, kocha anashinda kwenye simu anaomba, na akipata ni ugenini, mbali, kwa tarehe anayotaka mwenyeji. Nyumbani hamna mechi kwa hiyo hamna tiketi za kuuza, wazazi wanauliza, na mtoto mzuri ukimfuata nyumbani kwao anakuuliza swali moja tu, nitacheza na nani. Utamjibu nini?

Sheria inamruhusu dereva wa abiria masaa 10 tu ya usukani halafu apumzike 8, kwa hiyo safari ndefu tulikuwa tunapokezana, mmoja anatangulia anakusubiri hotelini njiani. Usiku mmoja Januari tunapanda na barabara kuu ya I-65, tumeshapita Louisville, basi zima limelala, zile nguo za hoki zinanuka unyevu mpaka mbele kwangu, kijana mmoja kutoka Saskatchewan, Kanada, akaja akakaa kile kiti cha karibu na mlango. Ana daftari la hesabu mapajani na taa ndogo kaishika kwa meno. Akaniuliza imebaki masaa mangapi, nikamwambia. Akakaa kimya, halafu akasema mama yake kampigia kumuuliza kama mwakani timu itakuwepo na yeye hakujua cha kumjibu, manake chuo kilishatangaza Oktoba 2011 kwamba timu inashushwa iwe klabu ya kawaida tu, halafu Desemba rais mpya wa chuo akaifuta hiyo amri, kwa hiyo hao watoto ndani ya miezi miwili walikufa wakafufuka. Nilikuwa sina la kumwambia. Nikamwambia lala, nikifika nitakuamsha. Hakulala.

Turudi kwenye jambo lenyewe. Wakati sie tunahangaika, huko juu mambo makubwa yalikuwa yanafanyika. Mwaka 2010 tajiri mmoja wa gesi, Terry Pegula, aliwapa chuo cha Penn State dola milioni 88 wajenge uwanja wa barafu na waanzishe timu ya daraja la kwanza. Hela ya mtu mmoja. Lakini hesabu ilikuwa hii: Big Ten, umoja wa michezo wa vyuo vikubwa, walikuwa na vyuo vitano vyenye hoki, Michigan, Michigan State, Ohio State, Minnesota na Wisconsin, na Penn State akiingia anakuwa nani? Wa sita. Machi 2011 wakatangaza ligi yao ya hoki ianze msimu wa 2013-14, na televisheni yao wenyewe ya kuonyesha mechi walishakuwa nayo. Mimi siwalaumu, wana jina moja kwenye michezo mingine yote. Ila waliokuwa wanaishi kwa jina la Michigan na Minnesota je? Ukiwa chuo kama Ferris State pale Big Rapids, uwanja wako watu kama 2,500, wikendi ambayo Michigan anakuja unajaza mpaka ngazi, na hiyo ndo hela yako. Ligi ilikuwa inamlazimisha aje. Baada ya 2013 hakuna wa kumlazimisha.

Na wenye nguvu waliobaki nao wakashtuka. North Dakota, Denver, Minnesota Duluth na wenzao wakajitoa wakaunda ligi yao, NCHC. CCHA ya zamani, iliyoanza 1971, ikafa kabisa. Hapa kuna kitu nataka ukiangalie vizuri: Western Michigan na Ferris State walikuwa ligi moja, majirani tu. Western wakaitwa NCHC, Ferris hawakuitwa, na Ferris hao hao ndo walifika fainali ya taifa 2012! Fainali! Western wakaja kuwa bingwa wa taifa wa 2025, na Ferris miaka ya karibuni wanahangaika. Sisemi ni ligi peke yake imefanya, lakini usiniambie haijafanya.

Sie Huntsville, cha ajabu, tulipata pa kukaa kwa sababu ya hilo tetemeko. WCHA iliyobaki na mapengo ilitupokea 2013, na vyuo vilivyoachwa vya CCHA vikaingia humo pia, na wale wawili wa Alaska, Anchorage na Fairbanks, nao wakawemo. Timu kumi, zote zimeachwa na mtu. Nilifurahi sana mwanangu, ratiba ya friji ikajaa tena, Januari yote imejaa.

Halafu Juni 2019 saba kati ya hao kumi wakasema wanatoka. Ndo hao CCHA mpya anayoitwa mjukuu wangu: Bemidji, Bowling Green, Ferris, Lake Superior, Michigan Tech, Minnesota State na Northern Michigan. Wakaacha watatu, sisi, Anchorage na Fairbanks. Sababu yao safari, wanataka timu za karibu karibu, na mimi niliyekaa kwenye usukani najua hiyo gharama, mwenzetu wa karibu kuliko wote Bowling Green tu ni masaa 8, Alaska ndo usiseme. Kwa hesabu walikuwa sawa. Lakini hao saba walikuwa wanajua kuachwa kunavyouma, wao wenyewe waliachwa miaka sita tu nyuma, na hicho ndo sijaweza kukimeza mpaka leo.

Mei 2020 chuo kikafuta timu, watu wakachanga zaidi ya nusu milioni ya dola ndani ya wiki moja, mimi na mama yako tumo, yeye alitoa kwenye zamu yake ya upatu. Ikanunua msimu mmoja. Kufika Mei 2021 hakuna ligi iliyotupokea, wakasimamisha na mpaka leo imesimama. Hela ilipatikana, watu walikuwepo, wenzao wa kucheza nao hawakupatikana. Anchorage nao walifutwa, wakapewa sharti la kuchanga dola milioni 3, wakazichanga, wakarudi uwanjani 2022-23, ila mpaka msimu wa 2025-26 wao na Fairbanks walikuwa bado hawana ligi, bado wanaomba mechi kwa simu.

Sasa swali lako. St. Thomas akitoka CCHA wanabaki wanane, maana Augustana wa Sioux Falls walishaingia, na walijenga uwanja wao wenyewe uliofunguliwa Januari 2024. Wanane sio wanne. Wakitoka wawili zaidi bado sita. Kwa hiyo hofu yako ina msingi lakini hapo alipoitwa hapafanani na Huntsville ya 2010, na wote wako sehemu moja ya nchi wanafikiana kwa basi.

Ila msimuulize kocha peke yake, kocha mwenyewe anaweza kuitwa kwingine kesho. Muulizeni mkurugenzi wa michezo: uwanja ni wa chuo au wa kupanga, hela ya timu inatoka kwenye bajeti ya chuo au kwa tajiri mmoja, na timu ikisimama skolashipu ya mtoto inaendelea mpaka amalize? Hilo la mwisho mpewe kwa maandishi. Na hakikisheni kozi anayoitaka ipo, manake hata timu ikifa mtoto inabidi ahitimu.

Kuhusu kusubiri chuo kikubwa, mimi nasema asisubiri. Tangu Agosti 2025 wachezaji wa ligi kubwa za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza vyuoni, kijana nyota Gavin McKenna alienda Penn State, na vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kuwalipa wachezaji vina ukomo wa wachezaji 26. Nafasi huko juu zinabana, mtoto wa miaka 19 atakaa benchi au hataitwa kabisa. Na ukubwa wenyewe sio ubingwa, Big Ten tangu waanze ligi yao mpaka 2025 hawakuchukua ubingwa wa taifa hata mara moja, wakati Union, chuo cha wanafunzi kama 2,000 tu, walichukua 2014.

Mwambie anipigie Jumapili baada ya mazoezi kabla hajamjibu huyo kocha, na anitumie picha ya ratiba yao ya mwakani. Nitaanza kusomea Januari. Ile ya kwetu ya mwisho bado ipo kwenye friji, mama yako alitaka kuitoa alipobadilisha friji nikamwambia ahamishie kwenye jipya.

Msalimie mkwe wangu.

Baba yako