Sukari sikutia, mbona imepanda?

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni mama wa nyumbani, niko Wete. Jumamosi na Jumapili watoto hawaendi skuli, kwa hivyo chai ya asubuhi huwapikia chapati za maji za ndizi. Mwanangu mkubwa anaziita pankeki. Natia ndizi mtwike 4 zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, vikombe 2 vya unga wa ngano mweupe, yai 1, tui kikombe 1, magadi soda kijiko 1 cha chai, na asali vijiko 3 vya chakula badala ya sukari, maana mume wangu ana sukari na presha. Zinatoka chapati 12. Nje zinaungua, ndani zinabaki mbichi, na zina ladha kama ya sabuni. Kubwa zaidi, wiki iliyopita mume wangu alikula 4 kwa chai isiyo sukari, baada ya masaa mawili tukampima, 15.2 (milimoli kwa lita). Na mimi sukari sikutia hata chembe! Sokoni kuna mtu ametuuzia unga wa ndizi mbichi uliochanganywa na mlonge, anasema tukiutumia siku 40 mume wangu anaweza kuacha vidonge. Nifanyeje? Mdogo wao wa miezi 8 naye humegewa kipande.

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, na hilo nalisema mapema kwa sababu mbele nitakutuma kwa daktari mwenyewe.

Nianze na huyo wa miezi 8. Asiguse chapati yenye asali, wala asali yenyewe, mpaka atimize mwaka. Asali inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wanaotengeneza sumu tumboni mwa mtoto mchanga, na moto wa kikaango hauviui. Ndizi iliyopondwa peke yake inamtosha.

Sasa hilo neno lako, "sukari sikutia hata chembe." Mama, laiti ningelipwa kila ninapolisikia! Wanalisema wake, wanalisema waume, analisema mzee aliyekaa mbele yangu na chupa ya asali ndani ya mfuko wa plastiki, kaja nayo ili nimwambie anywe vijiko vingapi kwa siku. Mtu akisikia "ya asili" moyo wake unatulia, kana kwamba damu inauliza sukari imetoka kiwandani au mzingani. Damu haiulizi. Asali ni sukari iliyoyeyushwa ndani ya maji kidogo. Tena kijiko kimoja cha chakula cha asali kina kama gramu 17 za sukari, na kijiko hichohicho cha sukari nyeupe kina kama 12 au 13, kwa sababu asali ni nzito, inajaa kijiko na kulala. Ulivyobadilisha kijiko kwa kijiko, uliongeza. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 linaihesabu asali pamoja na sukari ya kutiwa, na linataka zote kwa jumla zisizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Vijiko vyako vitatu tu ni 51.

Lakini usikimbilie kuilaumu asali yote. Nilikaa na kalamu nikaihesabu sufuria yako, wanga na sukari kwa pamoja. Vikombe viwili vya unga mweupe ni kama gramu 250, na ndani yake wanga ni karibu gramu 190. Ndizi nne za kiasi, kila moja gramu 27, ni 108. Asali 51. Tui nimeliacha, wanga wake ni mdogo. Jumla karibu 350. Gawa kwa 12, kila chapati ina 29. Mume wako alikula nne: gramu 116 kwa mkao mmoja.

Tazama nani kaongoza. Si asali, si ndizi. Ni unga wa ngano, ambao hakuna aliyeutia mashakani kwa sababu hauna utamu. Wanga wa unga mweupe ukishaiva unavunjwa tumboni upesi sana, na kinachotoka ni glukosi, ileile inayosomwa na kimashine chako. Hapa ndipo ninapochoka na watu wangu. Mtu anaacha sukari kwenye chai, anajisifu kwa jirani, kisha anakula nusu ya boflo na vitumbua vinne. Ulimi ndio anaoutumia kuwa kipimo.

Ndizi nayo ina siri yake. Ikiwa mbichi, sehemu kubwa ya kikavu chake ni wanga. Kadiri inavyoiva wanga ule unageuka sukari, na ikifika kwenye ganda jeusi, wanga uliobaki ni kidogo mno. Kwa hivyo mtwike yako nyeusi ni tamu kwa sababu imekwisha kujigeuza. Sisemi muitupe. Ndizi nzima ina nyuzinyuzi na potasiamu, na tunda linaloliwa zima halimo katika ile hesabu ya gramu 50. Ninachosema ni mbili zinatosha, ziwe za njano zenye vidoa, zisiwe nyeusi. Kama daktari aliwahi kuwaambia figo za mume wako zina tatizo, hata hizo mbili uliza kwanza, kwani figo dhaifu hazimudu kuitoa potasiamu mwilini.

Ladha ya sabuni ni magadi soda. Inahitaji uchachu wa kufanya nao kazi, na katika unga wako vilivyo chachu ni ndizi na asali tu, tena kidogo. Iliyobaki bila kazi ndiyo inayoonja sabuni. Hiyohiyo inaharakisha kubadilika rangi juu ya moto. Asali nayo haipendi joto, sukari iliyomo humo kwa wingi huanza kuungua kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari ya kawaida inavumilia mpaka 160. Ukiweka na ndizi iliyoiva kupita kiasi, basi chapati inakuwa kahawia nje kabla ya katikati kujua kama imetiwa motoni. Wengi hapa huongeza unga, ikawa zege. Na kwa mwenye presha, kijiko kizima cha chai cha magadi soda kina sodiamu kama miligramu 1,260, na kiwango cha juu cha siku nzima kwa mtu mzima ni 2,000. Alikula theluthi ya chapati zote, kwa hiyo theluthi ya sodiamu hiyo alikwisha kuipata kabla hajagusa chumvi ya mchuzi wa mchana.

Ningekuwa jikoni kwako ningefanya hivi. Ponda ndizi mbili kwa uma, usizisage, zibaki na vipandevipande. Piga mayai matatu ndani yake, tia nusu kikombe cha mtindi usio sukari badala ya tui, iliki iliyopondwa na mdalasini. Kisha kikombe kimoja cha unga wa ngano usiokobolewa, beking pauda kijiko kimoja cha chai, na magadi soda robo kijiko, basi, mtindi utaimaliza. Koroga mara chache uache. Ukikoroga sana zinakuwa kama mpira. Funika dakika 10 au 15, maana pumba zinataka muda wa kunywa maji, na hii ndiyo hatua wanayoiruka wote kisha wanalalamika ndani mbichi. Kama unatumia seredani, subiri makaa yafanye jivu juu, na uondoe mawili matatu. Paka chuma mafuta kwa kitambaa, mimina robo kikombe, isitandazwe kubwa. Usiguse mpaka vitobo vipasuke juu na visizibe tena na pembeni pakauke, ndipo ugeuze, mara moja tu. Ukiigandamiza kwa mwiko, hewa yote uliyoihangaikia inatoka.

Zitatoka 8, kila moja kama gramu 18 za wanga. Mume wako apewe mbili, na pembeni yake yai la kuchemsha au chooko iliyobaki usiku, ashibe kwa hizo. Watoto wao wale wanavyotaka. Wakilalamika hazina utamu, na watalalamika wiki mbili za mwanzo, wakatie ndizi mbichi... namaanisha ndizi mbivu isiyopikwa, vipande juu yake. Asali mezani isiwepo.

Nimefika kwa yule wa sokoni, nikijaribu kushusha pumzi.

Unga wa ndizi mbichi si kitu kibaya. Una wanga wa aina ambayo utumbo mdogo hauwezi kuuvunja, unapita mpaka utumbo mpana, na hapo sukari haipandi sana. Ni kweli kabisa. Ila ukweli huo ni wa unga mbichi. Ukiuchanganya na maji ukauweka juu ya chuma cha moto, wanga ule unavimba na kulainika, na sehemu yake kubwa inakuwa wanga wa kawaida wa kuvunjika. Yaani alichokuuzia kinapotea mbele ya macho yako wakati unageuza chapati! Mlonge nao ni mboga nzuri, majani yake nayala mwenyewe kwa tui jepesi. Mboga. Anayekwambia mboga inachukua nafasi ya vidonge ndani ya siku 40 hajawahi kuulizwa siku ya 41.

Mimi nimeulizwa. Alikuja bwana mmoja wa shamba, mkewe kamshika mkono. Alikuwa akitumia unga wa namna hiyo, wa muuzaji mwingine, na akiapa kuwa anajisikia mwepesi. Mwepesi kweli, suruali ilikuwa inamvuka: sukari ikipanda mno na mwili ukashindwa kuitumia, mtu hukonda, na kule kukonda yeye alikuhesabu kuwa ni kupona. Nikamwomba karatasi yake ya vidonge. Akaitoa mfukoni ikiwa imekunjwa mara mbili, rangi yake ya fedha bado inang'aa, vidonge 28, havijatobolewa hata kimoja. Kidole cha mguu kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi na yeye hakuwa akisikia maumivu. Muuzaji wake hakuwepo chumbani siku ile.

Hawa watu siku hizi hawahitaji hata meza sokoni. Wanatumia sauti kwenye simu, dakika nne, anaanza kwa dua na anamaliza kwa bei. Hutawasikia wakisema pima kabla, pima baada, andika. Kipimo ndicho wanachokikimbia, kwa sababu yale majibu ya wastani wa sukari wa miezi mitatu yanayochukuliwa kwa damu ya hospitali hayadanganywi na kujisikia mwepesi. Akikwambia mtu dawa yake inatibu sukari, mwambie akusubiri kwa kipimo hicho kwanza, uone atakavyokumbuka kuwa ana safari.

Jambo moja usilifanye haraka. Ukipunguza wanga kutoka gramu 116 hadi 36 kwa asubuhi moja, na mume wako anatumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho kama glibenklamaidi, sukari inaweza kushuka chini ya 4: jasho, kutetemeka, ukali usio sababu. Kama anatumia metformini peke yake hatari hiyo ni ndogo. Kabla ya Jumamosi ijayo, nenda naye kliniki na vidonge vyake mkononi, uwaambie mnabadilisha chakula cha asubuhi, wao ndio watakaosema dozi ibaki au ishuke. Na ile chupa ya asali usiitupe, iweke kabatini: siku akishuka na bado ana fahamu na anameza, kijiko kimoja cha chakula, mpime tena baada ya dakika 15.

Jumamosi mpime kabla hajala, kisha masaa mawili tangu alipoanza kula. Andika namba zote mbili na idadi ya chapati. Jumapili mpe boflo yake ya kawaida, kipande kile anachokikata yeye mwenyewe, upime vilevile. Daftari hilo lipeleke kliniki.

Na huo mfuko wa unga, kwa kuwa pesa imekwisha kutoka, tia vijiko viwili ndani ya uji wa watoto.