Kadi ya marehemu mnayo na namba ya siri mnaijua, lakini hela msiiguse

Mkuu, pole kwa msiba. Umeuliza kama mnaweza kuendelea kutoa hela za mzee kwa ATM, kwa kuwa mama anaijua namba ya siri, mlipe madeni ya msiba na ada za wadogo zako, halafu mambo ya mahakama yafuate baadaye. Msifanye hivyo. Mimi nilikuwa msimamizi wa mirathi ya baba yetu hapa Dar, na haya nimeyapitia.

Kila muamala unabaki kwenye taarifa ya akaunti na tarehe yake, na cheti cha kifo nacho kina tarehe yake. Siku mama mdogo na wanawe watakapokuja juu, karatasi hizo mbili zitawekwa mbele ya hakimu, na aliyetoa hela ndiye atakayejieleza, hata kama alinunulia sanda. Kuna mdau mwingine amekujibu kwamba mzee alimwandika mama kwenye fomu ya kufungulia akaunti, basi hela ni zake. Anayeandikwa kwenye fomu ile ni mtu wa kutafutwa likitokea la kutokea. Kuandikwa pale hakumfanyi mrithi.

Anzeni na kikao cha familia, muandike muhtasari na wote wasaini, hasa wale mnaodhani wataleta maneno. Cheti cha kifo mkichukue RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kile kibali cha mazishi hakitoshi. Kisha mfungue shauri Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi mzee. Ila kama alikuwa Mkristo, ulizeni kwanza masjala, ofisi ya mahakama inayopokea mafaili, maana Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Kuna usimamizi uliowahi kufutwa kwa sababu hiyo, familia zikaanza upya.

Kwenye maombi mtatakiwa kutaja mali na thamani yake. Hapo ndipo wengi wanakwama: benki haikuambii salio bila barua ya mahakama, na mahakama inataka kujua kuna nini. Sisi tuliandika jina la benki, tawi na namba ya akaunti, tukaomba mahakama iwaandikie benki watoe salio. Karani alituelewa mara moja, siyo jambo geni kwake.

Ukishateuliwa kuwa msimamizi utapewa Fomu Na. IV, ndiyo hati ya uteuzi wako. Itoe nakala nyingi, zigongwe mihuri. Tulipofika benki na fomu yetu mkononi, dada wa kaunta akamwambia mama, "Mwenyewe aje na kitambulisho." Mama akamjibu, "Mwanangu, mwenyewe tumemzika Kisarawe." Usipoteze muda kaunta, nenda moja kwa moja kwa meneja wa tawi na barua ya maombi, uombe igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kilichotuchelewesha hasa ni jina. Cheti cha kifo kilisema Suleiman, benki walikuwa na Selemani. Sote tunajua ni jina moja, lakini benki hawakutaka kusikia, ikabidi tule kiapo kwa wakili kwamba ni mtu yule yule. Kwa hiyo kabla cheti hakijatoka, linganisheni tahajia na kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki na hati ya kiwanja. Kurekebisha cheti kilichokwishatoka ni safari nyingine.

Usitegemee pia kukabidhiwa bunda mkononi. Zetu ziliingizwa kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama, kisha ndiyo mgawanyo ukafuata. Na kazi haijaisha hapo: ndani ya miezi 4 tangu uteuzi unapeleka Fomu Na. V ya orodha ya mali na madeni, halafu Fomu Na. VI ya hesabu ya ulivyogawa. Wajanja wanaoishia kwenye Fomu Na. IV ndio wanaoburuzwa na ndugu zao.

Umesema mzee alikuwa na mkopo wa mshahara. Hili msilicheleweshe. Mikopo mingi ya aina hiyo ina bima ya kifo, ilikatwa siku ile ile ya kukopa. Taarifuni benki kwa maandishi mapema, mwombe nakala ya mkataba, mwulize dai la bima limefunguliwa lini. Kama bado wanakata makato kwenye akaunti baada ya tarehe ya kifo, madai ya makato hayo nayo yaingie kwenye barua hiyo hiyo.