Gemu za rally ni ngumu au mimi ndiye sijui? Jibu la dereva wa Kigoma

Mkuu mleta mada, pole sana. Umesema umenunua DiRT Rally, gemu la mbio za magari za vumbini, wiki tatu zilizopita, kila ukianza unaishia kwenye mti, hujawahi kumaliza kipande (yaani sehemu moja ya njia ya mashindano) cha Finland na gari zima, na rafiki yako anakwambia pedi yako ya kuchezea ndiyo mbovu. Pedi yako ni nzima. Na wewe huna shida. Gemu limetengenezwa liwe hivyo hivyo, na kwa nini liko hivyo naweza kukueleza, maana mimi lilinidhalilisha mbele ya watoto.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi ni dereva. Nilianza na Hiace za Kigoma kwenda Kasulu enzi za vumbi, baadaye nikapewa Canter ya mizigo, nikawa naifikisha hadi Kibondo, masika na kiangazi. Nimelala porini gari likiwa limezama hadi ekseli. Nimeshuka mteremko breki hazipo, naomba Mungu gia ya pili isichomoke. Kwa hiyo siku niliyoingia chumba kimoja cha gemu hapa Mwanga, Kigoma mjini, kumfuata mpwa wangu aliyetumwa sukari tangu saa tisa, nikakuta madogo wameacha gemu la mpira wamejazana mbele ya tivii moja, gari linatimua vumbi, nikasema, "Hebu leteni hapa, hiyo ndiyo kazi yangu."

Lilikuwa DiRT Rally hilo hilo. Wakanipa barabara za Ugiriki. Subaru Impreza ya 1995, kipande cha kilomita 10 hivi, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili. Kona ya kwanza nikapita. Ya pili nikapita, nikaanza kujisikia. Ya nne nikaingia kwa mwendo ambao mwenyewe niliuona ni wa heshima, nikakanyaga breki, magurudumu yakafunga, gari likanyooka mbele kama sabuni kwenye sinia. Korongoni. Nikarudia. Korongoni tena, kona ile ile. Mara ya tatu nikaogopa kona ya nne nikaipita taratibu kama bibi harusi, ya tano ikanimaliza. Kuna dogo wa darasa la sita akasema kwa upole kabisa, "Mjomba, labda tukuwekee mpira."

Usiku ule sikulala vizuri. Si utani.

Nilichokuja kugundua baada ya siku nyingi ni hiki: barabarani mimi sikuwa naendesha kwa macho peke yake, nilikuwa naendesha kwa makalio. Dereva yeyote wa vumbi anajua. Nyuma ikianza kukimbia, kiti kinakwambia kabla macho hayajaona, mkono unarudisha usukani wenyewe bila kuuliza. Sasa kwenye gemu umekaa kwenye benchi la mbao. Benchi halikwambii kitu. Hadi macho yaone kwamba pua ya gari imegeuka, gari limeshapotea nusu sekunde iliyopita. Ndiyo maana dereva wa kweli anaweza kuaibika kuliko dogo ambaye hajawahi kushika usukani: dogo hana cha kusahau, mimi nilikuwa nasubiri taarifa kutoka kwenye kiti ambacho hakipo.

Taarifa hiyo unaipata wapi? Masikioni. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanacheza sauti imezimwa au wamefungulia muziki. Sikiliza injini: mlio ukipanda ghafla na gari haliongezi mwendo, magurudumu yanazungukia hewani. Sikiliza kokoto zinavyopiga chini ya gari, zinabadilika ukitoka kwenye njia iliyolainika na kuingia kwenye changarawe huru ya pembeni. Mimi nilianza kumaliza vipande siku niliyopata hedifoni, wala sikuwa nimebadilisha kingine chochote.

La pili ni uzito. Wana Kigoma watanielewa haraka. Umewahi kubeba dumu la mawese lisilojaa kwenye kerea ya baiskeli? Ukifunga breki mafuta yanakimbilia mbele, ukikanyaga pedeli yanarudi nyuma, ukikata kona yanakuvuta nje. Sasa gari zima ndiyo dumu hilo. Ukigusa breki, uzito unakwenda magurudumu ya mbele, yanang'ata, gari linakubali kugeuka. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma, ya mbele yanakuwa mepesi, unakata usukani hadi mwisho na gari linakwenda moja kwa moja. Kosa langu pale kona ya nne lilikuwa kufanya yote kwa pamoja: nafunga breki zote, nakata usukani wote, ndani ya kona. Gurudumu lililofunga halifuati usukani hata ukiukata vipi. Breki zimalizike kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Kisha achia kidogo, geuza, na ukiona pua imeangalia unakokwenda ndipo urudi kwenye mafuta. Kwenye vumbi umbali wa kusimama ni mrefu kuliko kwenye lami, kwa hiyo ile alama ya kuanza breki uliyozoea kwenye gemu za lami, isogeze nyuma sana. Zaidi ya unavyofikiri.

Ule mtindo wa madereva wa Skandinavia wa kuzungusha gari upande usio wa kona kwanza, halafu kulirudisha, ni dumu hilo hilo: unayarusha mafuta kushoto ili yakirudi kulia yaje na nguvu. Usiujaribu mwezi wa kwanza. Nimeujaribu mimi, nikaingia msituni kinyumenyume.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo naona hujaligusa kabisa kwenye uzi wako. Huyo mtu anayeongea pembeni, msoma ramani, anayekwambia kona zinazokuja. Umesema "yule Mzungu ananisumbua nimemzima." Mkuu! Hapo ndipo ulipoharibu.

Rally si kama mbio za mzunguko ambako unapita kona ile ile mara hamsini. Unaendesha barabara ambayo hujaiona. Finland ina vilima, juu ya kilima huoni upande wa pili, na gari linaruka. Dereva wa kweli anaruka kwa sababu msoma ramani kashamwambia kuna nini kule. Kwenye DiRT Rally kona zinapewa namba, 1 ni kali, 6 ni ya kupita ukiwa umekanyaga mafuta hadi chini, na zile za kujikunja kabisa zina jina lake. Anakwambia pia kama kona inafunga mbele, kama inafunguka, kama usikate ndani kwa sababu kuna jiwe. Anayesoma ni Paul Coleman, mmoja wa waliolitengeneza gemu lenyewe, kwa hiyo si mtu wa kubahatisha. Tatizo ni kwamba anasoma Kiingereza, kwa kasi, na wewe kichwani bado unatafsiri "left" ni kushoto au kulia wakati mti unakuja.

Sisi tulilitatua hivi. Maelezo yale yanatokea pia kwenye skrini kama mishale yenye namba. Mpwa wangu akakaa pembeni yangu, mimi macho barabarani, yeye macho kwenye mishale tu, anasoma kwa Kiswahili. Mwanzo alikuwa anachelewa, ananiambia kulia nikiwa tayari nipo korongoni. Tukakubaliana asome kona mbili mbele, siyo ninayoiingia. Halafu maneno yalikuwa marefu. "Kushoto namba tatu halafu inafunga" haiishi kabla ya kona. Tukayakata: "Kusho tatu, funga." "Kuli tano, kilima." Kona ya kujikunja tukaiita "Manyovu," kwa sababu ya ile barabara ya kupanda kwenda Manyovu, huku kwetu Kigoma. Usikate ndani ikawa "mawe!" Siku moja akasema "Kuli nne, mawe, Manyovu kusho," mikono yangu ikafanya yenyewe, sikumbuki kama nilifikiri. Tulimaliza kipande taa moja ya mbele imekufa na boneti limepinda, chumba kizima wakapiga kelele, mwenye chumba akatuzidishia nusu saa ya bure.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba hata kwenye rally ya kweli maelezo hayatoki mbinguni. Kabla ya mashindano ya dunia dereva na msoma ramani wake wanapita njia ile mara mbili kwa mwendo wa kawaida, dereva anasema anavyoiona kona kwa maneno yake, mwenzake anaandika. Gemu linakupa daftari la mtu mwingine. Ndiyo maana kuyageuza maelezo kuwa lugha yako siyo uvivu wala utoto. Andika maneno yako kwenye karatasi, hata kama unacheza peke yako; ukisikia "three tightens" kichwani ije "tatu funga" bila kupita kwenye kamusi.

Kuhusu gari: umeandika unatumia magari ya Group B, yale ya rally ya miaka ya 80, kwa sababu yana nguvu. Acha. Yale yalipigwa marufuku kwenye ubingwa wa dunia baada ya msimu wa 1986 kutokana na vifo, na wewe unayapeleka Finland ukiwa bado mgeni. Chukua Mini Cooper S, ile ndogo ya miaka ya 60. Inavuta kwa mbele, haina nguvu, utaona aibu. Lakini inakusamehe, na unapata muda wa kumsikiliza msoma ramani. Mimi nilikaa nayo karibu mwezi mzima. Ukitoka hapo nenda kwenye gari la kusukuma kwa nyuma, Escort ya zamani, ikufundishe adabu ya mguu wa kulia. Fowili mwisho.

Na usitafute kitufe cha kurudisha muda nyuma kama kwenye gemu zingine, hapo hakipo. Ukigonga umegonga. Kuna siku nilikuwa kilomita ya tisa kati ya kumi, gari halijachubuka, umeme ukakatika. Tulikaa gizani pale wote kimya, hakuna aliyenichokoza, walielewa.

Umeuliza pia kama kuna gemu gumu zaidi. Lipo: Richard Burns Rally, la 2004. Ndiyo, la zamani hivyo, na hadi leo kuna watu Ulaya wanaliongezea barabara na magari wenyewe na kushindana humo. Uzuri wake kwa sisi wa huku ni kwamba lenyewe, bila nyongeza, halidai kompyuta ya bei. Laptopu yangu iliyochoka inalibeba. Ubaya wake ni kwamba halina huruma hata chembe, hata lina shule ya udereva ndani yake na shule yenyewe inakufelisha. Burns mwenyewe, dereva ambaye gemu limepewa jina lake, alikuwa bingwa wa dunia wa rally 2001, na kabla ya hapo alishashinda Safari Rally mara mbili, 1998 na 2000, hapo jirani Kenya. Alifariki 2005. Nikilicheza huwa nafikiria kwamba mtu huyu vumbi la Afrika Mashariki alilijua, labda ndiyo maana gemu lake halibembelezi mtu.

Ukitaka Safari yenyewe, iko kwenye gemu za ubingwa wa dunia wa rally, WRC 9 ya 2020 na EA Sports WRC ya 2023. Nimeicheza kidogo. Nzuri, ila nilikuwa nasubiri wakati wote baiskeli ya mkaa ikate barabara mbele yangu na haikutokea. Huko kwetu hiyo ndiyo kona namba moja.

Mwisho umeuliza kama ununue usukani wa kuchezea gemu. Mimi nimewahi kujaribu Logitech G29 kwa ndugu yangu Dar. Unazunguka nyuzi 900, tukaupunguza kwenye mipangilio kwa sababu kwenye rally mikono inajifunga. Ni raha, unasikia kidogo magurudumu ya mbele yanapokosa mshiko, yaani sehemu ya ile taarifa ya makalio inarudi kupitia mikono. Lakini nilipoanza nao nilikuwa mzito kuliko kwenye pedi, na ilinichukua siku tatu kurudi pale nilipokuwa. Kwa hiyo hela hiyo isubiri. Nunua hedifoni.

Na mpe mtu pembeni mishale asome. Wangu amefaulu, amepelekwa bweni Kasulu, saa hizi namsubiri likizo. Nikicheza peke yangu bado napitwa na Manyovu moja kila kipande.