Grili za madirisha kwenye kituo cha watoto

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimepanga ghorofa ya kwanza huku Tabata, nataka kufungua kituo cha kulelea watoto mchana. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma, yana wavu wa mbu tu. Afisa ustawi wa jamii alipokuja kukagua alisema nirekebishe madirisha kwanza ndipo maombi ya leseni yaendelee. Mwenye nyumba anasema tuchomelee nondo, yaishe. Nimsikilize?
Mama Mlezi, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Afisa wako yuko sahihi. Wavu wa mbu unazuia mbu, haumzuii mtoto. Mtoto wa miaka miwili akisikia pikipiki ya baba yake chini, anaburuta kiti cha plastiki hadi dirishani, anapanda na kuegemea wavu kwa viganja vyote viwili. Wavu unachomoka na fremu yake, naye anakwenda nao.

Kwa hiyo grili ziwepo. Ila si za kuchomelea moja kwa moja, na hapo simuungi mkono mwenye nyumba hata kidogo. Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na nondo kabisa. Wewe uko ghorofani na watoto wanaotambaa, huwezi kuyaacha wazi. Basi kila chumba kiwe na grili moja yenye bawaba, inayofunguka kwa komeo lililo juu, mkono wa mtu mzima ufike na wa mtoto usifike. Kufuli usiweke. Moshi ukijaa, nani atatafuta funguo?

Mwambie fundi nondo zisimame wima, maana za kulala watoto huzipanda kama ngazi. Pengo kati ya nondo na nondo lisifike sentimita 10. Mtoto akitanguliza miguu kiwiliwili hupita, kichwa kikakwama, naye ananing'inia shingo. Kata kipande cha mbao cha sentimita 10 kwa 10, kipitishe mwenyewe kila pengo kabla hujamlipa fundi. Kikipenya popote, arudie.

Vitanda, makabati na viti vikae mbali na madirisha. Kamba za mapazia zifungwe juu, kwa sababu humnyonga mtoto kimyakimya hata mlezi akiwa chumba hichohicho.

Kuhusu leseni, usipokee mtoto hata mmoja kwa sasa, hata wa jirani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 hairuhusu kituo kuendeshwa bila leseni. Waite Zimamoto wakague pia hizo grili na njia ya kutokea, na namba yao ya dharura, 114, ibandike ukutani. Na kabla hujalipa kodi ya kipindi kingine, andikianeni na mwenye nyumba nani analipia grili na kwamba hazitaondolewa wala kuchomelewa ukiwa mpangaji. Akikataa kutia saini, tafuta nyumba nyingine, ikiwezekana ya chini.