Korongo wa Mto Setsuri

Wiki hii mmeuliza: ukiwa safarini nchi za nje majira ya baridi, ni mnyama au mandhari gani uliyoona na mpaka leo haijakutoka akilini? Kwangu ni korongo wa Tsurui, kijiji kilicho mashariki mwa kisiwa cha Hokkaido, Japani.

Tulifika kwenye daraja la Otowa kabla ya alfajiri, mwezi Februari. Baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Nikifumba macho, kope zinashikana. Kila kitu kilikuwa kimeganda isipokuwa mto Setsuri, uliofuka mvuke kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Mto huo hulishwa na chemchemi za chini ya ardhi, na maji yake hubaki na joto kuliko hewa. Miti ya ukingoni ilikuwa imevaa sakitu hadi kwenye vijiti vyembamba kabisa. Ndani ya mvuke niliona vitu vya kijivu katikati ya maji, nikadhani ni mawe. Kulipopambazuka, jiwe moja likainua shingo.

Walikuwa makumi kwa makumi, wengi wamesimama kwa mguu mmoja, kichwa wamekizamisha kwenye manyoya ya mgongoni. Hulala majini kwa sababu humo mna afueni kuliko kwenye theluji, tena mbweha hawezi kuwanyemelea bila kusikika. Miguu haigandi kwa kuwa mishipa inayoteremsha damu ya moto imelala sambamba na ile inayopandisha damu baridi, hivyo joto hurudi mwilini kabla halijapotelea mtoni. Nilishalisoma jambo hili zamani, lakini kusimama pale nikiliona kulinitoa machozi.

Korongo hawa, Wajapani huwaita tancho, wana kimo cha mita moja na nusu hivi. Ni weupe, shingo nyeusi, na utosini wana ngozi nyekundu isiyo na manyoya. Karne ya 19 waliwindwa na vinamasi vyao vikakaushwa, hata ikaaminika wamekwisha Hokkaido. Mwaka 1924 wakaonekana wachache katika kinamasi cha Kushiro. Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, ni mahindi: mwanzoni mwa miaka ya 1950, baridi ilipozidi, wakulima walianza kuwamwagia punje. Leo wamepita 1,000. Wapo wanaosema kuwalisha kumewarundika mahali pamoja, ambako ugonjwa mmoja ungeweza kuwafagia. Hoja hiyo ina uzito, na nafurahi kwamba chakula kinapunguzwa polepole ili watawanyike. Hata hivyo, bila wakulima wale kugawana mavuno yao na ndege, nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Siku zilizofuata niliona bata maji wa Ziwa Kussharo, wamejikusanya ufukweni ambako chemchemi za moto huzuia barafu, na tai wa Steller nje ya Rausu, wametua juu ya barafu inayoelea baharini. Wazuri mno, lakini moyo ulikuwa umebaki darajani.

Asubuhi ile, jua lilipopanda, jozi moja ilijitenga na kundi. Dume akaita mara moja, jike akaitikia mara mbili, bonde zima likavuma, na pumzi zao zikatoka mdomoni kama moshi mwembamba. Kisha wakakimbia hatua chache majini, wakapaa kuelekea mashambani.