Jibu: "Antebellum" ni kabla ya vita gani?

Dada, umeuliza maana ya "antebellum" na kama linafaa kwenye makala yako kuhusu Nairobi ya kabla ya 1914.

Ni Kilatini: ante ni kabla, bellum ni vita. Lakini katika historia ya Marekani lina vita vyake mahususi, vile vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, na husemwa hasa kuhusu majimbo ya Kusini. Hapo uwe mwangalifu sana. Wengi hulitumia kusifia majumba yenye nguzo nyeupe na mashamba ya pamba, ilhali sensa ya 1860 ilihesabu karibu watu milioni 4 waliokuwa watumwa. Utajiri ule ulitoka migongoni mwao. Ndiyo maana bendi ya Lady Antebellum ilibadili jina mwaka 2020 ikawa Lady A.

Wanasheria nao wana "status quo ante bellum", yaani mambo yarudi yalivyokuwa kabla ya mapigano, kama Marekani na Uingereza zilivyokubaliana katika mkataba wa amani wa Ghent, Ubelgiji ya leo, mwaka 1814.

Kwa Nairobi usilitumie, tafadhali. Msomaji atafikiria Georgia au Mississippi. Andika "kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia" kwa ukamilifu, maana ukisema "kabla ya vita" tu, mzee mmoja atadhani ni vya 1939, mwingine vya Mau Mau. Na mtaa wa Kariakor usiutaje kwenye Nairobi ya 1910: jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hivyo vya 1914.