Maswali na Majibu: Wimbo Unapofungiwa

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinauliza habari za nyimbo zinazopigwa marufuku kwenye redio na televisheni zetu. Kwa kuwa nimekaa mbele ya kipaza sauti kwa miaka mingi, na barua za namna hiyo nimezishika mkononi, nimeona nizijibu hapa kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mara nasikia BASATA imefungia wimbo, mara TCRA, mara Wizara. Hasa ni nani mwenye rungu? (Msomaji, Dodoma)

Rungu ni moja, lakini mikono inayolishika ni mingi. Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, nalo linamshika msanii mwenyewe: linamsajili, linaweza kumwita ajieleze, kumtoza faini au kumzuia asipande jukwaani. Leseni za redio na televisheni haziko kwake. Hizo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo uwezo wake juu ya maudhui unatokana na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake. Ndiyo maana mwishoni mwa Februari 2018, ilipotoka orodha ya nyimbo zaidi ya 10 zisizotakiwa kupigwa, zikiwamo "Hallelujah" na "Waka Waka" za Diamond Platnumz, BASATA ndiyo iliyosema kuwa nyimbo hizo zimekiuka maadili, na TCRA ndiyo iliyoviagiza vituo viziache. Siku zile zile Naibu Waziri aliyekuwa akishughulikia sanaa, Juliana Shonza, alimfungia Roma Mkatoliki kwa miezi sita kwa sababu ya wimbo "Kibamia". Kwa hiyo wote watatu uliowataja ni kweli wanafungia, kila mmoja kwa mlango wake.

Usisahau kwamba Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU, ambalo Machi 2024 lilimfungia mwimbaji Zuchu miezi sita asifanye sanaa visiwani baada ya onyesho lake la Kendwa.

Nilikuwa nasikiliza kipindi cha salamu. Msikilizaji akaomba wimbo uliofungiwa, mtangazaji akakohoa, kisha akaweka wimbo mwingine bila kueleza chochote. Kwa nini asiseme tu kwamba umefungiwa? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu anaogopa, na hofu yake ina msingi. Acha nikueleze barua inavyofika. Mkuu wa vipindi huitwa ofisini, hurudi na karatasi, huitoa nakala na kuibandika kwenye kioo cha studio mahali ambapo kila anayeingia zamu ataiona. Enzi za santuri kazi ilikuwa rahisi, kwani mtunza maktaba alichukua kalamu nene akaandika USIPIGE juu ya jalada, na mambo yakaishia hapo. Siku hizi wimbo mmoja umo ndani ya kompyuta ya kituo kwa majina matatu: jina la msanii likitangulia, jina la wimbo likitangulia, na faili la tatu ambalo mtu fulani aliliita "mpya" akalisahau. Juu ya hayo kuna miksi ya saa nzima iliyoletwa na DJ, ambamo dakika ya 40 wimbo huo huo unapita ukiwa umeunganishwa na mwingine. Saa nane za usiku mashine inajipigia yenyewe, hakuna mtu studioni, na asubuhi mnaulizwa.

Mimi binafsi niliwahi kuandikiwa barua ya onyo, katika kituo ambacho sitakitaja, kwa kosa la mgeni wangu kuimba kwa mdomo mistari miwili ya kiitikio kilichozuiwa, tena akiwa anacheka. Nilijitetea kwamba hakuna santuri iliyopigwa. Nikajibiwa kwamba msikilizaji hakuona santuri, alisikia maneno. Hadi leo sijapata jibu la hoja hiyo.

Adhabu yenyewe si ya mchezo. Januari 2021 TCRA ilikifungia kituo cha Wasafi TV kwa miezi sita baada ya kurusha moja kwa moja onyesho ambalo mwanamuziki Gigy Money alionekana amevaa mavazi yaliyohesabiwa kuwa ya utupu, ingawa muda huo ulipunguzwa baadaye. Kituo kikifungwa, wanaokosa riziki si wasanii tu, bali hata mlinzi wa getini na mama anayewauzia chai wafanyakazi. Sasa mtangazaji kijana akiombwa wimbo hewani, kichwani mwake kinapita kioo cha studio chenye karatasi ile. Anakohoa.

Zamani, enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zilikuwa safi na hazikuhitaji kufungiwa. Vijana wa sasa wameharibika. Je, nimekosea? (Mzee msomaji, Morogoro)

Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, nusu umesema kweli. Ni kweli kwamba hukusikia nyimbo nyingi zikifungiwa, lakini sababu ni kwamba zilichujwa kabla hujazisikia. Mpaka redio za binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ililazimika kupita kwenye studio za RTD kule Barabara ya Pugu, na mashairi yalisomwa kwanza na watu wa kituo. Lililowatia shaka halikurekodiwa, au lilirekodiwa likabaki rafuni. Kichujio kile hakikuwa na haja ya kutangaza marufuku, maana mlango ulikuwa mmoja na ufunguo walikuwa nao wao.

Naomba nikukumbushe habari ya Remmy Ongala, Dokta mwenyewe, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 na kuipa sifa bendi ya Super Matimila. Ukimwi ulipokuwa unamaliza watu mitaani, naye akatunga "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza wanaume kutumia kondomu, ambayo aliipa jina hilo la soksi ili wasikilizaji wake waelewe bila kuona haya. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wimbo ukaishi kwenye kumbi na kwenye kanda, watu wakauimba wote, na haikuchukua miaka mingi matangazo ya kondomu yakawa jambo la kawaida kwenye mawimbi yale yale yaliyomkataa. Nikiutafakari mfano huo naona shida kubwa ya kazi ya uchujaji: mchujaji hupima neno, hali msanii alikuwa anazungumzia ugonjwa. Waliokataa wimbo ule hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watumishi waliosikia neno linaloaibisha mbele ya mama mkwe, wakaishia hapo hapo.

Kiswahili ni lugha ya mafumbo. Taarab ina mafumbo, chakacha ina mafumbo, unyago ndio kabisa. Kwa nini basi wasanii wa kizazi kipya waadhibiwe kwa jambo ambalo bibi zetu walilifanya? (Msomaji wa kike, Mombasa)

Dada, hili ndilo swali lililonikalisha usiku. Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na mzozo mkubwa ulihusu jina la Nyegezi. Kwa mkazi wa Mwanza, Nyegezi ni mahali penye stendi ya mabasi. Kwa anayeusikiliza wimbo huo, hasa pale sauti inapolitua jina kwa mkazo katikati ya neno, ni kitu kingine ambacho kila mtu mzima anakijua. Mwezi uliofuata wasanii hao waliuimba jukwaani Mwanza kwenyewe, jambo lililochukuliwa kuwa dharau, wakazuiwa wasifanye maonyesho ndani na nje ya nchi, wakaomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa.

Ukitaka maoni yangu, Nyegezi ile si fumbo lililofungwa vizuri. Mfumbaji hodari wa taarab humwacha mlengwa akiwa ameshikwa pabaya huku hana neno la kulalamikia, kwa maana akilalamika atakuwa amejitaja mwenyewe. Hapa kila kitu kiko juu ya meza. Lakini udhaifu wa ufundi si kosa la jinai, na kama ungekuwa, magereza yetu yangejaa watunzi.

Tofauti ya kweli kati ya bibi zetu na redio iko kwenye mlango. Nyimbo za unyago ni kali kuliko chochote kilichowahi kufungiwa na BASATA, ila kungwi huziimba ndani, mlango ukiwa umefungwa, kwa mwali aliyefikia umri wake, na wanaume na watoto hawaingii. Redio haina mlango. Iko jikoni, iko kwenye daladala, iko kwenye duka ambalo mtoto ametumwa chumvi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mamlaka hazina haki yoyote ya kuuliza kinachopigwa saa nne asubuhi. Kinachonikera ni kwamba kanuni za utangazaji zenyewe zinatambua kuwa kuna saa za watoto na saa za watu wazima, lakini wimbo ukifungiwa unafungiwa saa zote 24, kana kwamba saa sita za usiku nazo watoto wametumwa chumvi.

Kufungiwa si ndiko kunakouza wimbo? Naona wasanii wenyewe wanatamani wafungiwe. (Msomaji, Mwanza)

Kwa msanii mkubwa, mara nyingi ni kweli, kwani wasikilizaji wake wako YouTube na kwenye simu zao, na tangazo la marufuku linawaelekeza mahali pa kutafuta. Kwa msanii wa mkoani ambaye jina lake halijavuka wilaya, redio ya pale pale ndiyo njia yake pekee, naye akifungiwa hakuna anayemtafuta. Adhabu ni ile ile, maumivu si yale yale.

Tukio linalonisumbua zaidi ni la Machi 2017. Ney wa Mitego alitoa "Wapo", wimbo wenye maneno makali kuhusu hali ya nchi na viongozi wake, akakamatwa mkoani Morogoro, na BASATA ikaufungia wimbo. Halafu Waziri mpya wa habari na sanaa, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo, kwamba msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa, tena akapewa ushauri wa watu wengine wa kuwaongeza kwenye mashairi yake, kama vile wauza dawa za kulevya. Watu wengi walishangilia, nami nilifurahi kwa ajili ya kijana yule. Ila nilijiuliza: kama maneno yalivunja sheria, je, yaliacha kuivunja kwa sababu Rais alitikisa kichwa kwa mdundo? Na kama hayakuivunja, yule kijana alilala mahabusu kwa kosa gani? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake. Haikutaja sikio la mkubwa. Je, ingekuwaje kama Rais asingependa hip hop?

Kenya wanafanyaje? (Msomaji, Arusha)

Kwa muda mrefu sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, chini ya Ezekiel Mutua. Mwaka 2019 alisema kwamba "Wamlambez" ya kundi la Sailors na "Tetema" ya Rayvanny na Diamond zibaki kwenye vilabu na baa, zisipigwe penye watoto. Wakenya walimcheka sana, na nyimbo zote mbili ziliendelea kupigwa hata kwenye harusi. Hata hivyo, ukiondoa kejeli, agizo la kutenga mahali ni afadhali kuliko la kuzima kila mahali.

Shikamoo mzee. Mimi ni msanii chipukizi, wimbo wangu wa kwanza umezuiwa kwenye redio zote mbili za mkoani kwetu. Meneja wa moja aliniambia "umetoka juu". Nifanye nini? (Msomaji, Songea)

Marahaba, mwanangu. Kwanza uliza huko juu ni wapi. Omba barua, kwa adabu na kwa maandishi, kutoka kituo na kutoka kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya yako. Nimeona nyimbo ambazo hakuna chombo chochote kilichozifungia. Meneja mmoja tu aliogopa, mwenzake akasikia, naye akaogopa. Ukiambiwa hakuna barua, basi hujafungiwa, umekataliwa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Barua ikiwapo, tafuta ndani yake mstari uliolalamikiwa. Ikiwa inasema tu kwamba wimbo "umekiuka maadili", andika uombe utajiwe ni mstari wa ngapi na umekiuka kanuni ipi, kwa sababu huwezi kurekebisha usichoonyeshwa. Hakikisha pia kwamba umesajiliwa BASATA. Mwaka 2016, Snura alipozuiwa kwa video ya "Chura", usajili ulikuwa miongoni mwa mambo aliyodaiwa. Alirekebisha video, na bado wimbo huo ukaonekana tena kwenye orodha ya 2018, kwa hiyo utunze kila karatasi utakayopewa, hasa ile inayosema kwamba umesafishwa.

Ukiamua kutengeneza toleo la redio, usiweke mlio juu ya neno lililokatazwa. Mlio humfanya kila msikilizaji alitafute neno, na wengi hupata lililo baya kuliko uliloandika. Tunga mstari mwingine. Nami nitumie mashairi yote, si ule mstari peke yake, nione kama kuna cha kusaidia kabla hujarudi studio.